Kuonja Si Kula

Katika picha hiyo mimi ndiye niliyependeza kuliko wote. Sare yangu nyeupe imepigwa pasi hadi mikono ina makali, nywele nimesuka siku mbili kabla, na meno yote yako nje kwa ajili ya kamera. Mbele yangu, kwenye mkeka, ameketi mtoto wa kike wa miaka sita aliyevaa kofia ya kijani ya chumba cha upasuaji, kubwa hadi imemfunika masikio. Amempakata mdoli wa vitambaa. Mkono wa kushoto ameshika sahani ya bati yenye wali, na mkono wa kulia ameshika kijiko. Kijiko kimo mdomoni mwake. Si mdomoni mwa mdoli, mdomoni mwake mwenyewe. Nyuma yetu, mlangoni, wamesongamana watu ambao sikuwajali. Nilipewa picha hiyo juzi kule Lipangalala, kwenye msiba wa Mzee Apolinari. Mjane wake aliitoa ndani ya bahasha ya kaki akaniambia, "Alisema Kordula akija apewe hii." Nikadhani ni ukumbusho. Niliitazama mara moja, nikakaa palepale kwenye turubai katikati ya wanawake waliokuwa wanachambua mchele. Wakaniwekea mikono mabegani wakidhani namlilia marehemu. Marehemu nilikuwa nimeshamlilia. Pale nilikuwa nimeshtuka tu, mshtuko wa mtu aliyefunguliwa mlango akajikuta mwenyewe ndani. Miaka kumi na minne nilikuwa najiambia kwamba jambo lililokaribia kumuua mtoto yule lilitokea nikiwa nimegeuka kidogo, nimetoka kidogo, nimesahau kidogo. Kumbe nilikuwa hatua moja nyuma yake, natabasamu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni juzijuzi, nimepangiwa wodi ya watoto wanaosubiri upasuaji katika hospitali moja ya bonde letu la Kilombero ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa ninalolisimulia ni langu, si la majengo. Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi mahali kama pale hawezi kujua kelele za asubuhi ya siku ya upasuaji. Mtoto alichukuliwa mikononi mwa mama yake mlangoni, na kuanzia hapo alishikwa. Mmoja alishika miguu, mmoja mikono, mwingine kichwa, na Mzee Apolinari, mtaalamu wetu wa dawa ya usingizi, akamfunika maski mdomoni na puani huku mtoto anapiga mayowe yaliyofika hadi kwa wenzake wanaosubiri zamu. Wenzake nao wakaanza. Mzee Apolinari aliichukia sehemu hiyo ya kazi yake. Alikuwa Mpogoro mrefu, mkimya, amekaribia kustaafu, na alipenda kunywa chai ya rangi bila sukari, akiwa amesimama, katika kile chumba kidogo tulichokiita cha mapumziko ingawa hakikuwa na kiti cha kutosha mtu mzima. "Mtoto akilala analia, ataamka analia," alikuwa akisema huku mdomo uko ndani ya kikombe. "Tunatengeneza tumbo, tunaharibu mtoto."

Mwanzoni mwa mwaka daktari mmoja mgeni aliyekuwa anaondoka alituachia tableti, hiki ambacho siku hizi tunakiita kishikwambi, yenye mchezo wa dubu anayekwenda kupasuliwa. Mtoto anamvika dubu kofia, anamchagulia maski ya rangi aitakayo, wanahesabu pamoja hadi kumi, dubu anasinzia, halafu anaamka na mama yake yupo pembeni ameshika bakuli la uji. Watoto wetu hawajui dubu. Wengi walisema ni mbwa. Mtoto mmoja wa wafugaji wa Kisukuma akakataa katakata, akauliza mbwa gani hana mkia, huyu ni ndama aliyezaliwa vibaya. Lakini ndama au mbwa, walimpenda, na walimlaza na kumwamsha hadi vidole vikachoka. Wiki ya pili mtoto wa miaka mitano aliingia kwa Mzee Apolinari kwa miguu yake, akamnyang'anya maski, akajiwekea mwenyewe. Kazi ilipokwisha, Mzee alitoka nje akaegemea ukuta. Nilidhani anaumwa. "Binti," akaniambia, "miaka yote hii nawashika kwa nguvu. Kumbe walikuwa wanataka kuelezwa tu." Sijawahi kusifiwa vile, na sifa, wahenga hawakukosea, humvimbisha mtu kichwa.

Tableti haikumaliza miezi mitano. Ilianguka sakafuni, kioo kikapasuka, haikuwaka tena. Nikashona mdoli wa mabaki ya vitenge, nikamjaza sufi, nikamwekea vifungo viwili vya shati kuwa macho, na watoto wakampa jina la Bwana Mgonjwa. Tulipewa stoo ya zamani ya mashuka, chumba chembamba chenye harufu ya sabuni ya kufulia isiyotoka hata ukideki mara tatu. Nikatandika mkeka wa ukindu, nikaweka maski kuukuu, kofia za kijani, na sahani moja ya bati. Mtoto ndiye daktari. Anamwambia Mgonjwa asile tangu usiku, anamvika kofia, anamfunika maski, anamhesabia, anampasua kwa kidole, anamfunga bandeji, anamwamsha. Mchezo wangu ulimalizika kwa ahadi mbili, na nilihakikisha kila mtoto anazitamka kwa sauti. Ukiamka, mtu wako yupo pembeni. Ukiamka, unakula. Na kula, katika bonde hili, ni wali, chakula kingine ni cha kupitisha muda. Kwa wali wa Mgonjwa tulitumia mchanga. Mtoto mmoja alinitazama kwa huruma akasema, "Sista, huu si wa kula. Huu ni wa kujengea." Mama zao walikaa kwenye benchi la korido wakiwachungulia, nami nikijifanya napanga faili niwasikilize. "Wangu jana kampasua yule mdoli mara nne, leo ananiuliza zamu yake lini." "Na huyu nesi mdogo ndiye kabuni?" "Ndiye." Nilipanga faili hizo hadi zikapangika kupita kiasi.

Sesilia, aliyeitwa Sesi, aliletwa na bibi yake kutoka Namawala kipindi cha mavuno. Alikuwa na ngiri ya kitovu iliyochomoza kama limau. Bibi alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye sauti ya kuamuru kuku. Alikuwa mpikaji wa togwa na pombe, na Sesi alikulia miguuni pake katikati ya mitungi na wateja. Siku ya kwanza tu bibi alinitolea togwa kwenye chupa ya plastiki, akamimina kikombeni, na kabla ya kunipa akanywa funda moja. "Natoa sumu, mwanangu. Haya, kunywa." Desturi hiyo naijua tangu sijaota meno. Kwetu hakuna anayekupa kikombe bila kukitia mdomoni mwake kwanza, ili ukipokee moyo mweupe. Sesi, aliyekuwa amemshika bibi upindo wa kanga, alisema kama anayesoma somo, "Usimpe mtu kitu hujakionja." Bibi akacheka, akamgusa kichwa. "Umeona? Huyu nikifa biashara haifi." Niliona. Nikanywa, nikashukuru, nikasahau.

Siku ya upasuaji wa Sesi iliangukia siku ambayo wageni kutoka mkoani walitaka kuona chumba cha mchezo. Niliamka mapema nikapika wali wa karoti, karoti nikazikata vipande vidogo vidogo ili upendeze kwenye picha, nikautia kwenye hotpoti. Nisingeweza kuwaonyesha wageni watoto wa bonde la mpunga wanalisha mdoli mchanga. Katika chumba cha mapumziko Mzee Apolinari alinusa, akachukua kijiko changu bila kuomba, akachota mara mbili. "Leo umeolewa?" akaniuliza. Nikamwambia ni wali wa mdoli. "Basi nimezaliwa vibaya," akasema, "heri ningekuwa mdoli." Mpango wangu ulikuwa kwamba wageni wakifika, watoto waliofunga kula watakuwa wameshaingia kupasuliwa, na watakaocheza ni wale waliokwisha kupona. Lakini asubuhi ile aliletwa mama mjamzito mwenye hali mbaya, chumba cha upasuaji kikachukuliwa, na Sesi aliyekuwa wa kwanza akasogezwa hadi mchana. Wageni wakafika mama yule ameshatolewa, chumba kinasafishwa. Waliopona walikuwa wawili, mmoja amelala, mwingine ana kamasi na hasira. Sesi alikuwa ameufahamu mchezo kuliko mimi. Nikamvika kofia, nikamkalisha mkekani, nikamwekea sahani mkononi. Nilimwonya, Mungu ananiona, nilimwonya. "Mlishe Mgonjwa tu. Wewe usile hata kidogo, wewe unakwenda kwa babu wa usingizi." Akaniitikia kwa utulivu wa mtu mzima, "Mimi sili, sista."

Mtoto aliyelala na njaa, tangu jana jioni hajatia kitu tumboni, nikampa sahani ya wali wa moto nikamwambia alishe kitambaa. Nayaandika haya mkono ukiwa mzito. Wakati ule sikuona chochote cha ajabu. Nilikuwa nawaeleza wageni jinsi hofu ya mtoto inavyoshuka akishajua kinachofuata, na nilieleza vizuri, na mmoja wao akawa anaandika. Mwenye kamera akasema tuangalie huku. Tukaangalia huku. Walipomaliza kupiga makofi nikageuka nikakuta sahani tupu, mdoli ana wali kidogo kidevuni. "Jamani, Mgonjwa kamaliza!" nikasema, na watu wazima wote chumbani tukacheka.

Saa saba Sesi aliingia kwa Mzee Apolinari akiwa amemkumbatia Bwana Mgonjwa, mkono mmoja mkononi mwangu. Mzee akainama. "Mama mkubwa, umekula nini leo?" "Sijala, babu." "Tangu jana?" "Tangu jana." Hakudanganya. Alipanda kitandani, akajiwekea maski, akahesabu, na alipofika saba sauti ikazama. Nilimtazama Mzee nikitaka anione nilivyofanya kazi yangu. Hapo tumbo la mtoto likajikunja. Ilisikika sauti ambayo sijawahi kuisikia tena na sitaki. Kisha Mzee Apolinari, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa mbwa, akanguruma, "Mgeuze! Ubavu! Kichwa chini! Mpira wa kufyonza, haraka! Kordula, toka!" Nikatolewa kwa bega. Nilijikuta koridoni nimeshika mdoli, na nyuma ya mlango mashine ya kufyonza inakoroma, inanyamaza, inakoroma. Nilihesabu. Sijui nilikuwa nahesabu nini.

Daktari alitoka baadaye akiwa ameshusha kitambaa cha uso, jasho linamtiririka. Mtoto anapumua, akasema, lakini matapishi yameingia mapafuni na upasuaji umesitishwa. "Nani kamlisha huyu mtoto? Tumbo limejaa wali!" Macho yote ya korido yakamgeukia bibi, aliyekuwa kwenye benchi na kikapu chake. Kila mhudumu wa afya ana hadithi ya bibi aliyemhurumia mjukuu akampenyezea kiporo chini ya shuka. Hatukuhitaji ushahidi, tulikuwa na mazoea. Na mimi? Msomaji ananiuliza, hukuukumbuka wali wako? Wazo lilibisha hodi mara moja, nikajifanya sipo ndani. Mtoto mwenyewe alisema hajala, nilimwonya kwa kinywa changu, na wali kaumaliza mdoli. Tena ili wazo lisirudi nikapiga kelele kuliko wote. "Bibi, unataka kumuua mtoto? Tumekwambia mara ngapi?" Bibi aliapa kwa Mungu na kwa marehemu mwanawe, mama yake Sesi. Muuguzi mkuu wa wodi akaagiza atolewe nje ya geti, na mlinzi akaambiwa asimruhusu kuingia hadi mtoto apone. Alitoka kinyumenyume, macho yakiwa kwenye mlango alikoingizwa mjukuu wake.

Sesi alikaa siku tatu kwenye oksijeni, kifua kinapanda na kushuka kama cha kifaranga. Mara ya kwanza alipofumbua macho alitazama kulia, akatazama kushoto, akanitazama mimi. Bibi hakuwepo. Ile ahadi ya kwanza ya mchezo wangu, aliyoitamka kwa sauti yake mara ishirini, ilikuwa imekaa nje ya geti karibu na wauza vitumbua. Hakulia. Alifunga macho tena, na kwangu hilo lilikuwa baya kuliko kilio. Siku ya tatu homa ilishuka. Nilikuwa namfuta uso kwa kitambaa chenye maji alipouliza kwa sauti ya kukwaruza, "Sista, Bwana Mgonjwa naye kaumwa?"

"Hapana, mama. Yeye mzima."

Akashusha pumzi. Nilimwona kabisa akishusha pumzi kwa furaha. "Basi nilimtolea yote."

"Yote nini?"

"Sumu. Kila kijiko nilianza mimi ndipo yeye. Kumbe ilikuwemo kweli, ndiyo maana nimeumwa mimi, yeye kapona."

Kitambaa kilinidondoka. Nilimwuliza, nikijua jibu, kama wali ule aliula. Akanikazia macho kama mtu aliyesingiziwa. "Sikula, sista. Ulinikataza. Niliuonja." Mdoli hana koo. Kijiko alichokiweka kwenye mdomo wa kitambaa kilirudi kama kilivyokwenda, na kwa kuwa kilikuwa kinampelekea mgonjwa tena, ilibidi kionjwe tena. Kuonja si kula, kila mtoto aliyelelewa vizuri bondeni anajua hivyo, nami nilijua hivyo. Mtoto alikuwa mtiifu kwa bibi yake na kwangu kwa wakati mmoja, na utii huo ulikaribia kumzika. Nilitoka wodini nikaenda kumtafuta Mzee.

Mzee Apolinari alikuwa chumba cha mapumziko, amesimama na chai yake. Nikamwambia, "Mzee, wali ule ulikuwa wangu." Hakushtuka. Alikunywa funda, akasema, "Ulikuwa na karoti." Sikuelewa. "Asubuhi niliula kwa kijiko chako," akasema, "mchana nikauvuta kwa mpira kooni mwa mtoto. Nitaacha kuujua?" Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alidhani ninajua na nimeamua kuficha, akaona aniache hadi dhamiri inisukume mwenyewe, maana mtu akisukumwa na mwingine hajifunzi. "Na yule bibi siku tatu kwenye jua?" nikapiga kelele. "Yeye alikuwa anajifunza nini?" Nikaongeza neno ambalo binti hamwambii mzee. Aliweka kikombe ukingoni mwa meza, kikapinduka, chai ikamwagika. Tumemzika juzi, na bado nina hasira naye kwa siku zile tatu. Nilimpenda kuliko wakubwa zangu wote wa kazi, na bado nina hasira.

Nilipitia kwa muuguzi mkuu kwanza, nikasema yote, kisha nikaenda getini. Ilikuwa saa sita, jua limesimama wima. Bibi alikuwa amekaa juu ya kanga, mgongo umeegemea ukuta wa uzio, miguu imenyooka, vumbi la bodaboda limempaka hadi nyusi. Nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi." Hakuitika. Kwa asiye wa kwetu hilo si kitu, lakini mimi lilinichapa usoni, sikuwahi kunyimwa marahaba maishani mwangu. Nikamsimulia nikiwa nimeinamia mchanga. Niliposema Sesi alionja kila kijiko, alinikatiza. "Kila kijiko?"

"Kila kijiko, bibi."

Akautazama mkono wake wa kulia. "Basi mlisema kweli," akasema taratibu. "Nimemlisha mimi. Mkono huu ndio uliomfundisha."

Nilitarajia matusi. Nilitarajia hata kofi, na ningelipokea. Hilo sikulitarajia, na ndilo lililonivunja, nikalia mbele ya mlinzi na abiria wa bajaji. Bibi hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kuamuru kuku, "Lakini na wewe, mwenye akili zako za chuo. Mtoto ana njaa, unampa wali amlishe mdoli. Hata mbwa hafanyiwi hivyo. Nyanyuka, nipeleke." Tulitembea hadi mlango wa wodi. Pale Sesi alipomwona akanyoosha mikono miwili na mipira yake ya oksijeni. Bibi alimpita mtu wa kitanda cha kwanza, cha pili, na kabla ya kumfikia mjukuu akageuza kichwa. "Marahaba," akaniambia.

Nilipata barua ya onyo na stoo ikafungwa kufuli. Miezi miwili baadaye Sesi akarudi kupasuliwa, na bibi akaingia naye hadi mlango wa mwisho, ambako ndugu hawaruhusiwi kupita. Mzee Apolinari aliinama. Safari hii hakuuliza kama amekula. Aliuliza, "Nini kimepita mdomoni tangu jana? Hata kuonja." Bibi akajibu, hakuna. Mzee akanyoosha maski. Sesi akarudi nyuma, akajificha kwenye kanga ya bibi. Hakuwa mtoto yule tena, hata mdoli niliyemletea hakutaka kumtazama, na niliona kwa macho yangu kile nilichokiharibu. Wasaidizi wawili walisogea kumshika. Bibi akatandaza mkono. "Ngojeni. Mnampa kitu hamjakionja?"

Mzee Apolinari alimtazama bibi, akaitazama maski, kisha akavua kofia yake kama mtu anayeingia kanisani. Dawa ilikuwa bado imefungwa, inapita oksijeni tupu. Akajifunika maski usoni, akavuta pumzi tatu ndefu, akaitoa. "Natoa sumu," akasema. Akanipa. Nikavuta, ilikuwa na harufu ya mpira na baridi ya chuma, na machozi yakaingia humohumo. "Natoa sumu." Nikampa bibi, akavuta, akakunja uso kama aliyepewa togwa chachu ya mwenzake, na msaidizi mmoja akashindwa kujizuia akacheka. Bibi akamfunika mdoli nayo. Sesi alitukagua nyuso mmoja baada ya mwingine, kuona nani ataanguka. Hakuna aliyeanguka. Ndipo akaipokea, baada ya Mzee kuifuta, akapanda kitandani, akahesabu. Alipoamka bibi alikuwa pembeni. Baadaye, aliporuhusiwa kula, alikula.

Stoo ikafunguliwa tena, kwa mchanga tu na kwa hatua moja mpya ambayo haikuwa kwenye tableti ya yule daktari. Kabla ya mtoto, maski huonjwa na mkubwa. Nimeihamisha hatua hiyo kila nilikopangiwa kazi, na wauguzi vijana ninaowafundisha huiga kwa kucheka, hadi waone mtoto anayerudi nyuma akisogea mbele. Hunicheka pia kwa swali langu refu la nini kimepita mdomoni. Sijawahi kuwaambia lilikotoka.

Juzi, baada ya kutoka makaburini, nilikaa pembeni ya turubai nikaitoa tena ile picha. Nilitaka kujiangalia vizuri nisijidanganye tena. Nikajiona. Kisha macho yakaenda mlangoni, kwa wale watu niliokuwa sijawajali, na katikati yao nikaiona kofia ya kijani na kichwa kirefu kuliko vingine vyote. Mzee Apolinari, mkono una kikombe, naye anatazama kamera, naye anatabasamu. Nikageuza nyuma ya picha. Kwa mwandiko wake wa mlalo ameandika maneno matatu: Na mimi nilikuwepo. Sijui picha ilimfikia lini. Sijui aliiangalia mara ngapi peke yake. Sijui kama siku ile alipomwaga chai alikuwa ameshaanza kukumbuka amesimama wapi. Mtu niliyemkasirikia miaka kumi na minne alikuwa na mzigo uleule mgongoni, na mimi niko basi moja tu kutoka kwake, nikimtumia salamu za sikukuu.

"Shikamoo, sista." Mbele yangu alisimama msichana aliyejifunga kitenge kiunoni, jasho la jikoni usoni, sahani ya wali na maharage mkononi. Nikaitika bila kumtambua. "Mimi Sesi wa Namawala," akasema. "Bibi alitangulia mwaka juzi. Kila mavuno alikuwa akimletea Mzee togwa, sasa naleta mimi." Picha ilikuwa mapajani mwangu imeangalia juu. Aliiona, akaitazama muda mrefu, na nikangoja anachotaka kusema, chochote kile. Alipiga magoti kama inavyompasa mwenye kuandalia mgeni, akachota wali kwa kijiko, akakipeleka mdomoni mwake, akatafuna, akameza. Safari hii nilikuwa namtazama yeye. Kisha akanigeuzia kijiko, mpini upande wangu.

"Kula, sista," akasema. "Nimeshatoa."